Upande wa Walio Hai

Mama hajui kusoma, kwa hiyo kila kilichoandikwa nyumbani kwetu tangu baba afariki nimekiandika mimi. Barua za ofisi ya ardhi, hesabu ya maboksi ya tufaha, majina ya kupeleka kanisani, vyote ni mkono wangu. Nina mwandiko mzuri. Kaka yangu Ghattas alikuwa akinitania kwamba siku nikifa nitaamka nijiandikie tanzia mwenyewe, maana sitaridhika na hati ya mtu mwingine ikibandikwa ukutani.

Kwetu bondeni, mtu akipeleka mkate kanisani hupeleka na karatasi. Karatasi hupigwa mstari katikati. Upande wa kulia huandikwa walio hai, upande wa kushoto waliofariki. Padri hukata chembe ya mkate kwa kila jina, halafu marehemu husomwa kwa sauti. Watu wa kwetu wana mizaha mingi, wanamtania hata askofu, lakini karatasi hiyo hawaichezei. Mtu akipitiwa akamwandika bibi yake aliye hai upande wa kushoto, karatasi huchomwa papo hapo, na bibi hunyweshwa maji ya baraka na kuketishwa karibu na jiko asubuhi nzima.

Miaka kumi na moja iliyopita, asubuhi ya Jumamosi ya Marehemu, siku chache kabla ya mfungo mkuu kuanza, mama alinikalisha mezani akaniambia niandike. Nikaandika Salim, baba yetu. Nikaandika Mitri, kaka yetu mkubwa. Halafu mama akasema, "Ghattas."

"Huyo ni wa upande wa pili," nilisema.

"Nimesema uandike hapo hapo ulipo."

Nikaandika. Sitadai kwamba nililia au kwamba mkono ulitetemeka. Nilikuwa na hasira kuliko mama.

Mitri alikuwa amekufa miaka miwili kabla, lori lake la tufaha lilipoacha barabara kwenye kona za mlimani. Aliacha mke, Lamya, na mtoto wa kike, Rima, aliyekuwa bado hajaanza kusema. Ghattas, ambaye hakuwa ameoa, alianza kumpelekea Lamya mafuta ya jiko, kisha unga, kisha akawa anakaa kunywa mate, yale majani ya kigeni tunayoyanywa kwa mrija, mpaka maji ya birika yapoe. Mwishowe akaja akatuambia anamwoa. Nasikia kwingine duniani mjane huolewa na shemeji yake na watu wakala karamu wakaondoka wakijipangusa midomo. Kwetu sivyo. Mke wa kaka yako ni dada yako, na hakuna padri atakayewavisha mataji ya ndoa. Walikwenda kuandikishana ndoa ng'ambo, wakarudi, wakahamia Tartus kando ya bahari.

Mama alisema kitanda cha Mitri hakijapoa. Na mimi nilikuwa na mchumba, mwalimu wa kijiji cha juu, mtu mpole mwenye masikio makubwa. Mama yake alikuja nyumbani kwetu, akanywa kahawa yote, akashukuru, akaomba arudishiwe pete. Alisema hawawezi kuoa katika nyumba ambayo ndugu wanarithishana wake kama makoti. Kwa hiyo nilipolitia jina la Ghattas upande wa kushoto, nililitia kwa wino mzito, na nukta yake mahali pake.

Mkate tuliupeleka monasterini, kwa watawa wa kike juu ya kijiji, ili jina la Ghattas lisomwe mahali ambapo watu wa vijiji vyote wangesikia. Walisikia. Wiki ya pili simu ililia nikaipokea mimi. "Nimekwenda kwa watawa, nimeiona karatasi," Ghattas alisema. "Mwandiko wako haujaharibika hata kidogo. Mwambie mama nimeshasomewa." Akakata. Nilimwambia mama. Alikuwa anamenya vitunguu. Alisema, "Vizuri," akaendelea kumenya.

Wahenga walisema mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Mama alikikata, na shoka nilimshikia mimi.

Tuliishi hivyo, wanawake wawili na jiko la dizeli. Jina la Ghattas halikutajwa. Lakini mwaka juzi mama aliugua moyo, na alipotoka kitandani alikuwa ameanza tabia mpya. Kila jioni umeme ukirudi aliniambia nifungue habari nimsikilizie hali ya hewa. Hatuna shamba pwani, hatuna jamaa pwani, na yeye hajawahi kuipenda bahari. "Tartus wamesema nini?" angeuliza. Nikimwambia mvua, husema, "Barabara za kule zinateleza." Nikimwambia jua, husema, "Afadhali." Basi.

Majira ya baridi yaliyopita jirani yetu Baba Shahin alikuja kuazima msumeno, akaketi, akanywa vikombe viwili, ndipo akatoa kilichomleta.

"Mama Mitri, sijui kama nitafukuzwa."

"Sema, ukifukuzwa utarudi kesho kama kawaida yako."

"Mwaka jana, Jumamosi ya Marehemu, nilimpeleka shangazi monasterini. Nilimwona Ghattas. Anagawa ngano ya kuchemsha ya marehemu kwa watu, sufuria kubwa hivi. Wanasema huja kila mwaka."

Baba Shahin aliondoka bila msumeno. Usiku ule mama hakuuliza hali ya hewa, na asubuhi yake akaniuliza Jumamosi hiyo itaangukia tarehe gani mwaka huu. Kumbe mara moja kila mwaka Ghattas alikuwa akipita barabara ya chini ya kijiji chetu, na sisi tuko jikoni.

Ijumaa alikanda unga mwenyewe. Ana miaka themanini na moja na vidole vimejikunja, lakini hakuniruhusu niguse. Aliupiga mkate muhuri wake wa mbao, ule alioletewa na mama yake siku ya harusi, akautoboa pembeni kwa kijiti, akauoka. Jumamosi alfajiri Baba Shahin alituchukua kwa pikapu yake. Juu ya vilele kulikuwa na theluji bado, na ukungu ulikuwa umelala bondeni.

"Mama Mitri, shikilia mkate, usishikilie mlango," alisema. "Mlango huu haujafunga tangu harusi ya binti yangu."

"Ungeufunga kwa kamba."

"Kamba ninayo, ila naiweka akiba kwa mdomo wa mke wangu."

"Hiyo haitatosha, agiza ya meli."

Walicheka wote wawili. Nilimtazama mama. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu, na nilijua kicheko kile ni cha mtu anayeogopa. Tulipokaribia alinigeukia.

"Wewe nisikilize. Ghattas lazima ameleta mkate, na mkate lazima una karatasi. Utaniombea uione, utanisomea. Kama ameniandika na walio hai, nitamsubiri mpaka jioni ikibidi, na akija nitambusu mkono, mimi niliyemzaa. Kama hakuniandika, tunageuza gari. Siwezi kwenda kumlilia mtu aliyenisahau."

"Na kama..." nilianza.

"Kama nini?"

"Hakuna kitu."

Monasteri yetu ina mlango mfupi ambao kila mtu huupita ameinama, na ngazi zilizolika katikati kwa miguu ya watu wa miaka mingi kuliko mtu awezavyo kuhesabu. Mama alizipanda kwa kupumzika mara nne. Uani kulikuwa na magari machache. Katika mojawapo, jeupe, la kubebea samaki, aliketi mwanamke amejifunika shali, injini inanguruma ili apate joto. Nywele zilizochungulia kwenye shali zilikuwa na mvi. Ilinichukua muda kumjua Lamya. Miaka kumi na moja anamleta mumewe mpaka hapo, kisha anabaki garini, kwa sababu ndani hajui atatazamwaje. Nilipinda shingo nikapita. Yeye aliniona, hakupinda yake.

Chumba cha mikate kiko kando ya kanisa. Kuna meza ndefu, mikate imepangwa, kila mmoja una karatasi yake chini. Mtawa aliyekuwa hapo anaitwa mama Pelagia, mtu wa mji wa Homs, ana miaka minne tu pale, mnene, miwani imefungwa uzi. Alipokea mkate wetu akaunusa.

"Huu umeokwa na mtu anayejua. Karatasi yenu?"

"Karatasi baadaye," mama alisema. "Kwanza nataka kumtoa mtu kwa marehemu."

Mama Pelagia alimtazama juu ya miwani. "Mama yangu, kazi hiyo ni ya siku ya mwisho, na si yangu."

"Hakufa. Ana miaka arobaini na tisa, anauza samaki. Aliandikwa kwa hasira."

Mtawa aliacha utani. Alitoa kitabu kikubwa ambamo majina ya karatasi hunakiliwa nyumba kwa nyumba, yasomwe kila mwaka hata kama mkate haukuja. Alituuliza nyumba ya nani. Mama akasema nyumba ya Salim, na kwamba yeye ni Mama Mitri. Hivyo ndivyo anavyoitwa na kila mtu. Jina lake la ubatizo sikumbuki kulisikia likitoka kinywani mwa mtu tangu baba afe.

"Huyu hapa. Ghattas. Nani aliandika karatasi?"

"Mimi," nilisema.

"Yeye alikuwa kalamu," mama alisema. "Mwandikaji ni mimi."

"Miaka kumi na moja tumemwombea mtu mzima apumzike salama," mama Pelagia alisema polepole, kama mtu anayejumlisha. "Mungu awasamehe." Akamkata kwa mstari mmoja, akamwandika upande wa kulia. Mama akaomba aonyeshwe mahali. Mtawa akamshika kidole akakiweka juu ya jina, na mama akakiacha hapo kwa muda, kisha akakibusu.

"Huyu Ghattas," mtawa alisema akifunga kitabu, "si yule wa ngano?"

"Ndiye," mama alisema. "Amekuja?"

"Amekuja tangu giza. Yuko jikoni anapasha. Atagawa baada ya sala. Mwanao huyo! Nimeona wana wengi hapa, lakini anavyomkumbuka mama yake, sijaona. Hakosi mwaka."

Mama alishika ukingo wa meza. Uso wake ulibadilika. Nilimwona akiwa msichana, kwa muda mfupi, na nikajua kabla ya kuiona karatasi kwamba mambo yameharibika. Mtu hapeleki ngano monasterini siku hiyo kwa ajili ya mama aliye hai.

"Karatasi yake iko wapi?" mama aliuliza. "Binti yangu anataka kuiona."

Mama Pelagia alinyanyua mkate wa mwisho mezani, akanipa karatasi iliyokunjwa mara mbili. Halafu mtu akamwita kutoka nje, kuna kondoo ameingia kwenye bustani ya mboga, akatoka akilalamika.

Mwandiko wa Ghattas haukuwahi kuwa mzuri. Upande wa kulia aliandika Lamya. Aliandika Rima. Aliandika Yusuf, jina nisilolijua, na ndipo nikafahamu kwamba wamezaa. Upande wa kushoto aliandika Salim na Mitri. Chini ya Mitri aliandika Mantura. Mantura ni mama yangu.

Niligeuza karatasi nyuma, nikaigeuza tena mbele. Jina langu halikuwepo. Hakuniandika na walio hai, wala na waliokufa.

"Soma," mama alisema.

Ningesema nini? Ningesema, mama, twende gari lipo. Angeniuliza kwa nini, ningesema hukuandikwa, na hilo nalo lingekuwa uongo, ila uongo wa kuturudisha nyumbani. Sikulifikiria. Nilimwona jinsi alivyokuwa ameinua kidevu akingoja, mikono ameifumbata kwenye tumbo, mwanamke ambaye hakuwahi kumngoja mtu.

"Walio hai," nilisema. "Mantura. Ameanza na wewe."

"Mimi wa kwanza?"

"Wa kwanza."

"Na wewe?"

"Wa pili."

Alifunga macho. Midomo yake ilikwenda bila sauti. Kisha akafungua macho akaanza kunigombeza. "Nifunge hiki kitambaa vizuri, kimekaa kama cha mwombaji. Ana watoto wangapi?"

"Kuna Yusuf."

"Yusuf ni jina zuri. Yule mwanamke kaandikwa?"

"Kaandikwa."

"Na aandikwe," alisema. "Mimi sina nguvu tena za kumkataa mtu."

Nikairudisha karatasi chini ya mkate wake.

Kanisani tuliketi nyuma, kwenye viti vya ukutani ambavyo wazee hujiegemezea. Ukuta wa pale umekuwa mweusi kwa moshi wa mishumaa, na watakatifu waliochorwa juu wamebaki macho tu. Ghattas sikumwona. Wanaopasha ngano husali jikoni. Padri alipoanza kusoma marehemu alisoma kwa mbio, maana karatasi ni nyingi. Mikhail, Hanna, Nazha, Ibrahim, Warda. Watu walijipiga msalaba pale waliposikia wa kwao. Alipofika Salim na Mitri nilijipiga msalaba na mama naye.

"Mantura," padri alisoma.

Mama alinigusa kwa kiwiko. "Nina wajina," alininong'oneza, na alikuwa anatabasamu.

"Ni jina la zamani," nilisema. "Vijijini wako wengi."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa mwisho pa kusema kweli, na nilipaona vizuri kama ninavyouona mkono wangu huu. Nilijiambia damu ni nzito kuliko maji. Nilijiambia mtu huandika mengi kwenye karatasi, lakini akimwona mama yake uso kwa uso, mkunjo huu, kidevu hiki, atalegea. Nilijiambia pia kwamba akilegea kwake, huenda akalegea kwangu. Acha niseme yote: nilikuwa nawaza jina langu zaidi ya la mama.

Baada ya sala watu walihamia ukumbi wa wageni. Kuna mabenchi ya mawe kuzunguka kuta nne na jiko katikati. Wenye ngano hupita mmoja mmoja na sufuria zao na vikombe vya karatasi. Anayegawa hutaja roho anayoiombea, anayepokea humwombea rehema. Ndivyo ilivyo, na asiyejibu huonekana hana adabu. Mwanamke wa kwanza alipita, "Kwa roho ya mume wangu Jabra," tukasema Mungu amrehemu. Mzee mmoja alipita, "Kwa roho ya dada yangu," tukasema. Kisha akaingia Ghattas.

Alikuwa amenenepa. Nywele zimerudi nyuma, mikono imechanika kwa maji ya chumvi. Alianza upande wa mlangoni, akija kwetu, kikombe baada ya kikombe, ameinama kwenye sufuria. Kwa kuwa alisema kwa sauti ya chini, hatukusikia anachotaja, tuliona tu midomo. Mama alikuwa ameshatoa mkono, kiganja juu, watu sita kabla ya zamu yake. Nilitaka kuushusha, sikuushusha.

Akafika.

"Ghattas, mwanangu," mama alisema.

Alimtambua. Nasema hivi kwa sababu shangazi zangu hutaka kuamini hakumtambua, kwamba ukumbi ulikuwa na giza, kwamba mama amezeeka. Alimtambua kabla hajamaliza kulitamka jina. Mwiko wake ulisimama hewani, ngano ikamdondokea kiatuni. Alimtazama mama kwa muda mrefu, kitambaa chake kilichofungwa vizuri, tabasamu lake, mkono ule ulionyooshwa. Kisha akanitazama mimi. Sijui alisoma nini usoni mwangu, ila yeye hakuwahi kuhitaji karatasi ili kunisoma. Macho yake yalijaa maji. Nilidhani tumeshinda.

Akachota mwiko, akajaza kikombe mpaka juu. Akakiweka katika kiganja cha mama, na kwa mkono wake akavifunga vidole vyake, kimoja kimoja, vile vilivyojikunja, ili kisimwagike.

"Kwa roho ya mama yangu, Mantura," alisema.

Akapita. Mimi aliniruka kama kiti kitupu, akampa bibi aliyeketi upande wangu wa pili. Akaendelea na ukuta wa pili, sauti ikitetemeka, lakini hakugeuka wala hakuharakisha.

Mama alibaki na kikombe. Hakulia. Alikuwa anakitazama kama mtu aliyepewa kitu cha mwenzake kwa makosa na anangoja mwenyewe aje achukue. Yule bibi wa upande wa pili, ambaye hakujua lolote, alinyoosha shingo akanipita mimi akamgusa goti.

"Dada, hukumjibu kijana. Anayepokea husema. Marehemu wake atabaki hivi hivi."

Mama akainua uso.

"Mungu amrehemu," alisema.

Alisema kwa sauti kubwa. Ukumbi mzima ulisikia, na Ghattas alisikia, nikaona mabega yake yakishtuka. Kisha mama akaanza kula. Ngano ya marehemu haitupwi, ni dhambi, na mama hajawahi kutupa chakula. Alikula punje kwa punje, na mimi nikiwa kando yake mikono mitupu. Katikati alisimama akatafuna lozi taratibu.

"Ametia shamari," alisema. "Kama mimi."

Alimaliza, akakunja kikombe, akakitia mfukoni. Ghattas alikuwa ameshatoka. Tulipofika uani gari jeupe halikuwepo.

Baba Shahin alikuwa anatusubiri ameegemea pikapu, anatabasamu mpaka masikioni. "Nimemwona akitoka. Mlionana?"

"Tumeonana," mama alisema.

"Mzima?"

"Mzima. Amenenepa."

"Na wewe alikutambua?"

"Alinitambua."

"Mungu ashukuriwe. Si niliwaambia? Mtoto ni mtoto tu." Alitaka kuendelea, akanitazama, akawasha gari. Hakusema tena mpaka kijijini, na kwa Baba Shahin hilo ni jambo la kuandikwa.

Njiani mlango uligongagonga. Ukungu ulikuwa umeshaondoka, na mashamba ya tufaha yalionekana yote, miti mitupu mpaka chini. Mama aliketi katikati yetu. Tulipopita kona alikoangukia Mitri alijipiga msalaba kama kawaida yake, kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Alikuwa ameniandika wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia na kwamba mimi sikuwepo popote.

Aliitikia kwa kichwa. Aliweka mikono mapajani, na nilingoja anitukane. Ningependa angenitukana.

"Kumbe kudanganya unajua," alisema. "Ungenidanganya siku ile ya karatasi."